Kaserek, Mzaliwa wa Tatu

Sogeeni, enyi wa Vulamba, nanyi wa Lubero mlioshuka na viazi vyenu; wekeni mizani chini, msikie vita vikuu vilivyopiganwa kwa kichupa kimoja cha blanko, ile rangi nyeupe ya kufutia wino.

Vilianza Jumanne ile homa ilipomchukua Lusenge, Bwana wa Herufi Zote, mwandishi wa miongozo ya Manowari za Nyota Saba, tamthilia ya angani inayoonyeshwa kwa Kifaransa katika chumba cha vidiyo. Kwa miaka tisa aliandika na kuchora kwa mkono kila chombo, kila sayari na kila kamanda, kuanzia A mpaka Z, na kwa miaka tisa mji ukamwita mvivu. Alipokufa, mji ule ule ulikuja matanga ukasema ulimjua sana. Waliosoma ukurasa mmoja walilia kwa kurasa mia; wasiosoma hata mmoja walilia zaidi, wakaongezewa wali.

Dada yake mdogo, Élise, alitaka jambo moja tu: mwongozo wa tatu upigwe fotokopi kama ulivyo, ugawiwe baada ya misa ya arobaini. Akaupeleka kwa Kahongya, mtawala wa mashine iungurumayo, na hapo dukani akamkuta adui.

Huyo alikuwa Mwalimu Mukendi, aliyetumwa na serikali kutoka Kasai, Simba wa Sarufi, ambaye wiki chache kabla alikuwa amesahihisha kwa wino mwekundu tangazo la kifo cha Lusenge, likiwa bado limebandikwa mlangoni. Aliuchukua mwongozo, akafungua herufi K, akasoma kama hakimu:

“Kaserek. Kamanda wa manowari ya pili. Mzaliwa wa tatu. Wakubwa wake, Paluku na Kambale, hawajaonyeshwa bado.”

Kahongya aliitikia kwa kichwa, maana kwa Wanande, wenyeji wa hapa, mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Paluku, wa pili Kambale, na wa tatu ndiye Kasereka, na jina hilo hata likishuka kutoka nyota ya mbali, hesabu yake imekwisha. Lakini Mukendi alichomoa blanko mfukoni, akaitikisa kama mkuki, akahutubu.

“Dada Élise, misimu, saison zote ine, nimeangalia. Kaserek hana kaka. Ile ni jina ya kutunga ya Bazungu, hapana jina ya Banande. Ndugu yako alikuwa mutu wa akili, mais hapa alikosa. Donc tufute mistari mbili, na kwa jalada tuandike: Imesahihishwa na Mukendi. Kitabu itapata heshima.”

Élise hakuwa na silaha ila kiganja chake. Akakiweka juu ya ukurasa. Brashi ikashuka, ikasita, na tone likamwangukia ukuchani. Hivyo ndivyo damu ya kwanza ilivyomwagika, nayo ilikuwa nyeupe.

“Mwalimu,” akasema, “yaya Lusenge, ndugu yangu mukubwa, jina yake ya kuzaliwa iko Kasereka. Paluku na Kambale beko bakubwa betu. Balienda Beni kuuzisha maharagi, habakurudia. Mama angali anabawekea sahani. Yaya hakuandika kama balikufa. Aliandika habajaonyeshwa bado. Sasa ufute.”

Akaondoa mkono.

Simba wa Sarufi alitafuta kosa katika maneno yale, mstari kwa mstari, kama alivyozoea, na hakulipata. Akafunga kichupa, akakirudisha mfukoni, kisha kwa sauti ya mwanafunzi aliyechelewa akaomba awekewe nakala moja.

Basi iandikwe katika historia ya mji, chini ya ushindi mwingine wowote mtakaoukumbuka: siku hiyo, kabla ya saa sita, mistari miwili iliokolewa mikononi mwa elimu, na umeme ukadumu mpaka nakala ya thelathini.

Msimu wa tano umeanza. Kila Jumamosi Élise anakaa benchi la mbele la chumba cha vidiyo na daftari. Hajui kuchora vyombo, kwa hiyo anaandika rangi za kila kimoja.