Kibanio Chenye Doa Jekundu

Begi lilikuwa limeshatupwa nje, na Mnyoofu alikuwa njiani kulifuata, mguu mmoja ndani ya kizingiti na mwingine nje, akiendelea kubembeleza mlango uliokuwa ukifungwa.

"Dada, damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo maana imenielemea," dada yake akajibu kutoka ndani. "Jumapili nina mgeni. Sitaki akukute hapa ukimuuzia kiti alichokalia."

"Mgeni gani?"

"Wa heshima. Humjui, na Mungu asaidie usimjue."

Komeo likalia. Jina la Mnyoofu alipewa na watu aliowatapeli, kwa uchungu, naye akalivaa kama nishani. Alipita uani, akalinyakua shati lake kambani likiwa bado bichi, pamoja na kibanio kilicholishika. Kibanio kilikuwa na doa la rangi nyekundu ya kucha. Kwenye nyumba yenye wapangaji wengi vibanio vya nguo hutembea kuliko wenye miguu, kwa hiyo kila mama hutia alama vyake: huyu doa, yule uzi, mwingine mkato wa kisu. Mnyoofu hakuliona doa. Watu wa aina yake huona mbali sana. Cha karibu huwapita.

Barabara kuu aliingia duka la viatu kukimbia jua. Mwenyewe aliitwa Bosi Soli, mtu mzima, mpole, kichwa kinang'aa kuliko bidhaa zake. Rafu za mbele zilikuwa na viatu vya kushoto vitupu. Vya kulia alivifungia stoo, maana mwizi wa kiatu kimoja ameiba mzigo tu.

Wakati huo Soli alikuwa anapigana na kilenzi cha kubana kwenye simu, kile cha kukuza picha, alichokinunua ili wateja wa mtandaoni waione mishono kwa karibu. Springi ya kibanio chake ilikuwa imekatika. Alishajaribu selotepu, akajaribu gundi, sasa alikuwa anajaribu kukilaani.

"Hiyo ni kazi ya mtaalamu," alisema Mnyoofu.

"Wewe ni mtaalamu?"

"Nikisema ndiyo nitakuwa najisifu."

Na tuseme haki, kazi aliifanya. Alipasha msumari moto, akatoboa taya moja la kile kibanio cha nguo alichotoka nacho kambani, akakishindilia kilenzi tunduni. Taya la pili alilibandika kipande cha ndala kuukuu ili lisikwaruze kioo cha simu, kisha akakaza yote kwa uzi wa kushonea soli. Kikashika kama kupe. Walijaribu kwenye kiatu: ngozi ikaonekana na nyufa zake zote. Soli akainama kushangilia, na simu, mkononi mwa Mnyoofu, ikapita juu ya upara wake.

Kwenye kioo ukatokea msitu. Vinyweleo ambavyo hata mama yake Soli hakuwahi kuvijua vilisimama kama mianzi. Mnyoofu akaizima simu haraka. Pale wengine wangeona kichwa, yeye aliona shamba.

"Bosi, samahani kwa kuuliza. Hili shavu la tatu umezaliwa nalo?"

Soli akashusha pumzi. "Usinikumbushe. Jumapili naenda kuposa. Mama mmoja mjane, mtu wa heshima zake. Nimwendee na kichwa hiki, akatae kwa sababu ya mwanga?"

"Ungesema mapema. Dawa ninayo."

Dawa aliipata stoo, kwenye kopo la mafuta ya kulainishia viatu, mali ya mgonjwa mwenyewe. Ngozi ni ngozi. Aliijaza kwenye chupa ndogo, akaitikisa kwa unyenyekevu mkubwa.

Sasa, simu ya Soli ilikuwa na macho matatu ya kamera mgongoni, lakini linaloona ni moja kwa wakati, mengine husinzia. Mnyoofu alikibana kilenzi juu ya jicho lililosinzia, akapiga picha. Upara mtupu, kama sahani iliyooshwa.

"Umeona kwa lenzi yako mwenyewe? Hakuna kitu. Haya, paka, ulale nayo."

Kesho yake alikisogeza kibanio kidogo tu, hadi kwenye jicho lililo macho, akapiga kwa karibu.

"Mama yangu!" Soli aliruka. "Zimeota! Lakini mbona nikishika sizisikii?"

"Bado changa, bosi. Mtoto mchanga utapiga naye soga?"

"Na kioo cha nyumbani mbona hakizionyeshi?"

"Cha lini hicho kioo?"

"Cha zamani."

"Umejijibu."

Malipo walipatana gunia la viatu vya ngozi, vya kiume, likabidhiwe baada ya Soli kutoka kuposa. Mnyoofu alikuwa hana pa kulala, na gunia lile lilikuwa mtaji wa kwenda kuanza maisha mapya mji wa mbele, kwa maana ya watu wapya wa kutapeli.

Jumapili Soli aliketi sebuleni kwa yule mjane, kofia kichwani. Akatoa simu, kibanio kikiwa bado kimeing'ata.

"Kabla sijavua kofia, mama, itazame hii."

Mama hakuitazama picha. Alikigeuza kibanio, akaliona doa.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwa mtaalamu wa nywele."

"Mrefu? Anaongea kama anakupaka mafuta?"

"Alinipaka kabisa."

Mama akapiga picha mkono wake mwenyewe: msitu. Akasogeza kibanio, akapiga tena: mkono laini. "Sasa mimi nimepona, au ndiyo nimeugua?"

Soli akaipokea simu. Kisha akavua kofia polepole, kama mtu kwenye msiba. "Kwa hiyo nimekuja kuposa na mafuta ya viatu kichwani."

"Niliyasikia tangu mlangoni. Nikasema, angalau huyu hanidanganyi kwa manukato." Akatazama chini. "Huyo mtaalamu ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimemficha kama pengo la jino."

"Niite polisi?"

"Atawauzia kituo chao. Mpe gunia lake. Ila nitalifunga mimi."

Jioni Mnyoofu alilikuta limesimama mlangoni mwa duka, kila jozi imeviringishwa gazeti. Alifungua ya juu: viatu viwili, kushoto na kulia, ngozi safi. Yeye aliyewahi kuuza magunia ya mchanga yenye mchele juu, alitosheka na ya juu. Akalitupia begani, akaondoka bila kuaga.

Mji wa mbele alimkalisha mteja wa kwanza. Kiatu kiliingia vizuri.

"Lete cha pili."

Mnyoofu akaleta.

"Kaka, mguu huu ni wa kulia."

Akafungua gazeti jingine. Na jingine. Watu wakaanza kusogea kuangalia.

Alirudi na gunia, akajaribu kumuuzia Soli viatu vya kushoto vya Soli. Dada yake, aliyekuwa kaunta, alimwambia kwamba vya kulia vilivyo stoo havili wala havinywi, vinaweza kusubiri. Mnyoofu alilitua gunia.

Soli alioa na upara wake wote. Mama anasimamia duka, na rafu za mbele bado ni za kushoto. Mnyoofu aliachiwa ile jozi ya juu. Inambana vidole, naye anaivaa. Kibanio kimerudi kambani na tundu lake, kinashika soksi tu. Kilenzi kiko kwenye droo, kinasubiri mtaalamu.