Mkurugenzi Hakai Kundini

Ilitangazwa Vwawa, kwa kipaza sauti na kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba Ofisi ya Usawazishaji wa Makundi imefika kileleni. Kuanzia Jumatatu, daftari la utambulisho la watumishi lingesomana lenyewe na ghala la programu za kompyuta mtandaoni. Ukiwa kwenye kundi daftarini, ghala linakufungulia. Huna kundi, linakufuta na kukupangia kituo chenye upungufu wa watumishi, yaani Kamsamba, mbali kule bondeni. Huruma haikutengewa fungu.

Tupokigwe, fundi pekee wa programu, alishangilia mpaka alipolifungua daftari. Jamani! Enesi, mama wa chai, alikuwa kwenye makundi yote kumi na moja, maana anahudumia idara zote. Bosi, Bwana Gasper, hakuwa hata kwenye moja.

"Bosi, nikuweke kundi la wasimamizi?"

"Mimi nichanganywe na watumishi? Mkurugenzi yuko juu ya makundi, binti. Na uzinduzi ukikwama, Kamsamba unaenda wewe."

Tupokigwe ana mapacha wa miezi mitano. Akaliacha daftari kama lilivyo, akarudi kazini.

Jumatatu ikafika na waheshimiwa, kwaya na keki. Bwana Gasper akajikohoza, akabonyeza kitufe cha kuidhinisha programu mpya ya foleni ya malori ya Tunduma. Skrini ukutani ikaandika kwa herufi kubwa: HUTAMBULIKI.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waheshimiwa walidhani ndiyo ulinzi wenyewe unaonyeshwa.

"Nirudishe, Tupo!" bosi akanong'ona, jasho likimtiririka.

"Tangu leo asubuhi sina uwezo huo, bosi. Mfumo unamsikiliza mwenye makundi yote tu, naye ni Mama Enesi."

Enesi akaitwa kutoka jikoni. Akafuta mikono kwenye kanga, akabonyeza, na programu ikapita bila tatizo. Tupokigwe nusura aruke juu kwa furaha.

"Na mimi, Mama Enesi!" bosi akadakia. "Niingize hata kundi la jikoni!"

"La jikoni tena, bosi? Wewe si uko juu ya makundi?" Enesi akausoma taratibu mwongozo wa kuingia kundini, uliobandikwa ukutani. "Hapa umeandika mwombaji alete barua ya mtendaji wa kata na picha mbili, kisha asubiri siku kumi na nne za kazi. Sahihi ni yako."

Hapo hapo mashine ikatoa barua ya kumhamishia bosi Kamsamba. Mgeni rasmi akaisoma, akamkumbatia Bwana Gasper mbele ya kamera.

"Huyu ndiye kiongozi! Ameanza na yeye mwenyewe!"

Bwana Gasper ikabidi atabasamu. Kwaya ikamwimbia wimbo wa kuaga, Tupokigwe akiongoza vigelegele, na Enesi akamjazia chupa ya chai.

"Kule kuna joto, bosi," akamwambia. "Ila wali wao mtamu."