Sifa Ziko Mstari wa Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Mchungaji mpya anapokelewa Jumapili. Tutamsomea mashairi watu wawili, Dorkas na mimi. Atakayempendeza ndiye atakayekwenda kusoma kwenye jubilei ya kanisa, Butiama. Dorkas ameshaanza kutembea kama aliyechaguliwa. Vina vyake havijawahi kukosea. Vyangu vinachechemea tangu darasa la saba. Bwana, naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Bunda, kwa Gloria, mtoto wa dada yangu, mwalimu. Kaniambia kuna shairi liitwalo soneti. Mistari kumi na nne, haizidi. Uzito wake uko kwenye kugeuka: jambo unalikaza, unalikaza, halafu mwishoni unaligeuza. Akanisomea zile anazozipenda. Katika moja mjane anamlaumu marehemu mistari kumi na miwili, ulevi, uvivu, kukoroma. Miwili ya mwisho anauliza nani sasa atamkosesha usingizi. Nimeilowesha kanga ya Gloria kwa machozi. Dorkas amekwisha.

Jumamosi, 8 Juni
Imekamilika. Mistari kumi na miwili inabeba maneno ya watu: mchungaji huyu anapenda mapaja ya kuku, mahubiri yake hayana mwisho, alikotoka wamefurahi. Wa kumi na tatu unageuka: wasemao hayo ni waongo, huyu ni mchungaji mwema. Nimemsomea mume wangu, Mwandu. Kasema basi nisome haraka. Sijui ana maana gani.  Nimefunga na kuomba.

Jumapili, 9 Juni
Mungu wangu. Mzee Mugeta, mshereheshaji wetu, alikuwa na kawaida yake ileile: muda umekwenda, wali unapoa, kila shairi analikata. Dorkas alikatwa ubeti wa pili, akiwa ameshamsifu mchungaji mara nane. Mimi nilikatwa mstari wa tisa, kwenye mapaja ya kuku. Nikamwambia bado sijageuka. Akasema, "Geuka tu, mama, kiti chako kiko nyuma yako."
 Chakulani mchungaji alipakuliwa paja. Akalirudisha kwenye bakuli.

Jumatatu, 10 Juni
Dorkas anakwenda Butiama. Wazee wa kanisa wanataka niombe radhi kwa maandishi, yasomwe Jumapili kwenye matangazo. La sivyo nivue sare ya akina mama, niliyoivaa miaka kumi na tisa.  Nimeshaandika, soneti tena. Mistari kumi na miwili nasema sijutii hata neno moja. Msamaha nimeuweka kwenye miwili ya mwisho, utawaliza wote.
Atakayesoma ni mzee Mugeta.