Malalamiko Sifuri

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaniita. Eti Ijumaa ataamua: nithibitishwe umeneja wa kiwanda chetu cha milango, au nirudi stoo. Stoo! Mimi!
Tatizo si mimi. Wauzaji wanaahidi mlango kwa siku tatu. Mafundi wanataka mwezi. Wafungaji hawaendi kwa mteja mpaka gari lijae. Kila mmoja anavuta kamba upande wake. Mama mkwe wangu mwenyewe, wiki ya tatu sasa anangoja mlango wa bafu kutoka kwetu, anaoga nyuma ya shuka.
Nimepata dawa. Lengo moja kwa wote: malalamiko sifuri! Chati nimeshaibandika ukutani.

Jumanne, 4 Machi
Kikao. Nikawaambia kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi mkuu akauliza kama yatahesabiwa malalamiko yaliyoandikwa tu. Nikajibu ndiyo, hayo hayo. Akatabasamu, yeye asiyetabasamu hata siku ya mshahara. Wote wakakubali kwa dakika tano. Kipaji hiki!

Jumatano, 5 Machi
Sifuri! Wamekula chakula cha mchana meza moja, wanacheka. Nilitaka kulia kwa furaha.

Alhamisi, 6 Machi
Sifuri tena. Nikapita kuwapongeza. Lo! Wauzaji wamezima simu. Mafundi wamekaa tu; wanasema mlango usiotengenezwa haulalamikiwi. Daftari la malalamiko wafungaji wamelificha chini ya kiti cha gari.
Nilitaka kufoka. Lakini kwa mara ya kwanza wamepatana, masikini. Nani avunje undugu? Nikajikausha.
Mke wangu anasema mama anapiga simu kiwandani, haipokelewi. Nimemwambia ni mtandao.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi alikuwa ananipa mkono, kweli kabisa, mama mkwe akaingia na shuka lake begani. Eti upepo umelipeperusha akiwa na sabuni usoni, na mafundi bomba wawili wako uani. Aibu niliyoiona! Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nikajionea huruma zaidi.
Akauliza kwa sauti malalamiko yanapelekwa wapi. Wauzaji, mafundi na wafungaji wakajibu kwa pamoja: kwa meneja!
Sijawahi kuwasikia wakielewana namna ile. Bosi akaurudisha mkono wake mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi
Stoo. Si pabaya, ila hapana mpango. Gundi inaisha, bawaba zinaisha, kila mtu anamlaumu mtunza stoo, bibi mpole wa watu.
Nimempa lengo: stoo isiishiwe kitu kamwe. Njia ni rahisi, tusimpe mtu kitu.
Amekubali papo hapo. Hata ametabasamu.