Msumari Unaosubiri Cheti

Jumanne, 15 Julai

Barua ya Tuzo za Mchuzi imefika! Majaji watatu watapita Jumamosi mchana, mgahawa hadi mgahawa, hapa Chang'ombe. Kila mgahawa sufuria moja ya mchuzi. Mshindi anapewa cheti chenye fremu. Msumari wa kukitundikia niliupigilia miaka mitatu iliyopita. Mpaka leo wateja wanatundika kofia.

Miaka mitatu yote cheti kimekwenda ng'ambo ya barabara, kwa Sidonia. Sidonia! Alikuwa mpishi wangu. Nilimfukuza mwenyewe kwa sababu vitunguu vyake vilikaa jikoni muda mrefu kuliko mahubiri ya padri. Sasa foleni ya watu wa wizara, wanatoka mji wa serikali, Mtumba kote huko, inaanzia mlangoni kwake na kuishia kwenye dirisha langu. Wanaegemea ukuta wangu wakisubiri kula kwake.

Paulina, mke wangu, anasema nina wivu. Nimemjibu si wivu, ni kupenda haki.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepika mchuzi wa majaribio. Paulina ameonja, akauliza kama nimeukosea au ndiyo umeiva. Vitunguu nilivipa dakika tatu. Nani ana muda?

Nimechungulia kwa Sidonia kupitia uzio. Bado anakoroga vitunguu vilevile vya saa moja iliyopita. Huku anaimba. Anaimba!

Haya, hapa hasomi mtu: nina wivu. Unaniwasha mwili mzima. Mchuzi ule siwezi kuupika. Basi nitaupata ukiwa umeshaiva.

Ijumaa, 18 Julai

Tatizo: nikimwomba aniuzie sufuria nzima siku ya mashindano, atashtuka. Nimewaza tangu asubuhi. Kisha wazo! Nani humnyima mfiwa chakula?

Nimevuka barabara kwa uso wa majonzi. Nimemwambia tumefiwa, Paulina hana nguvu za kupika, atusaidie mchuzi kidogo kesho. Ameangusha mwiko. Akauliza nani. Jina sikuwa nimeandaa! Ulimi ukamtaja shangazi yangu Loisi wa Kondoa. Sidonia amelia machozi ya kweli, maana shangazi aliwahi kumpa tetea wa kuanzia ufugaji. Ameahidi sufuria kubwa ya kuku wa kienyeji, asubuhi na mapema.

Nikiumimina kwenye sufuria yangu, nani atajua? Nimerudi napiga mluzi. Katikati ya barabara nikakumbuka kwamba mfiwa hapigi mluzi.

Jumamosi, 19 Julai

Nilisahau jambo moja. Sidonia ni katibu wa jumuiya yetu kanisani.

Saa moja asubuhi, turubai limeshasimama mbele ya mgahawa! Akina mama wametoa meza zangu nje na kutandika mikeka. Wazee wameshusha bango langu la BINGWA WA MCHUZI, wakasema halifai penye msiba. Paulina amepata habari kwenye kundi la simu la jumuiya. Amejifunga khanga, akakaa mkekani, akaninong'oneza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kwaya ikaanza.

Sidonia amekuja na sufuria. Amefunga mgahawa wake, siku ya mashindano, kwa ajili ya shangazi yangu. Kitu kilinichoma kifuani. Kisha nikakumbuka kwamba akifunga hashindani, nikapona.

Sikupata nafasi ya kumimina chochote. Akina mama wameishika ile sufuria na kuanza kupakua.

Saa sita majaji wametokea. Mwenyekiti wao, Bwana Obadia, ameona turubai, akavua kofia, akafutika fomu kwenye mkoba. Nimemsihi aonje kama jaji. Amenishika bega, akasema msiba si mashindano, nijikaze. Wakaletewa sahani kama waombolezaji wengine. Bwana Obadia amekula tatu. Halafu akauliza nani amepika. Jumuiya nzima ikajibu kwa sauti moja: Sidonia! Nikaona mkono wake unaingia mkobani na kutoka na fomu. Nilitamani kufiwa kweli.

Majaji wameondoka. Saa nane Shangazi Loisi ameshuka kwenye gari la Kondoa, kuku kwapani. Kule habari zilifika nusu: kuna msiba kwa Apolinari, yaani kwangu. Amekuja kunipa pole. Akauliza amekufa nani.

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti.

Nimeeleza yote mbele ya watu. Sidonia hakunitukana. Alimkumbatia shangazi, akampakulia. Shangazi amekula, akalamba vidole, akasema angejua kuna mchuzi wa namna hii angekufa mapema.

Jumapili, 20 Julai

Matokeo yametangazwa. Sidonia, mara ya nne. Majaji wameandika kwamba mchuzi wake unafariji hata wafiwa.

Mimi nimeletewa kadi ya pole, imesainiwa na majaji wote watatu, iliandikwa kabla hawajasikia ukweli. Paulina ameitundika kwenye msumari. Jumuiya imenipangia kuosha masufuria ya kila msiba mpaka Krismasi. Shangazi hataki kurudi Kondoa. Anakula kwa Sidonia, mchana na jioni.

Nimekaa, nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona. Msibani watu huja bila kualikwa. Harusini haji mtu mpaka apewe kadi! Mwakani nitamwomba Sidonia mchuzi wa harusi, kadi nisimpe mtu yeyote.

Kinachokosekana ni bibi harusi. Lakini Shangazi Loisi ni mjane, afya anayo, na Bwana Obadia, nimeulizia leo baada ya misa, hana mke.