Fremu ya Mama na Ile B Yangu

Jamani, leo uso wangu nimeuacha chuoni. Atakayeuokota anirudishie.

Asili ya mambo ni hii. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa Ndau kwa mjomba, nikampigia mama simu. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. "Mama, nimepata Di plasi!" "Bi? Alhamdulillahi!" Vigelegele vikafuata. Sikudanganya. Nilinyamaza tu (miaka miwili).

Mama husoma herufi za Kiarabu bila kukwama, ila hizi za shule hapatani nazo. Slipu yangu ya matokeo akaitia fremu, akaitundika sebuleni kwetu Wiyoni. Wageni wasomi huisoma, husema mashallah, hunywa kahawa, huenda zao. Mtaani nikaitwa Bi B.

Sasa chuo kimoja cha ufundi kimetangaza nafasi za kusomea friji, kazi niliyoishika tangu nimalize shule. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya usaili. Nikaenda na bisibisi zangu. Mama akanifuata na mkoba mkubwa. (Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.)

Karani akauliza gredi. Kabla sijafungua mdomo: "Ana Bi! Mwanangu ana kitwa cha kusoma!"

Karani akaweka kalamu chini. "Pole, mama. Nafasi hizi ni za waliopata D plasi kushuka. Hao tunawapima kwa kazi ya mikono. Mwenye B aombe chuo kikuu."

Foleni nzima inasikiliza. Nafasi inaniponyoka hivi hivi naiona. Nikasema kwa sauti ya mbu, "Nina D plasi."

"Mwongo! Aona haya tu huyu!" Mama akafungua mkoba. Akatoa fremu. Ile ya sebuleni, na msumari wake!

Karani akaisoma, tena kwa sauti: "D plasi."

Masikio yangu yakawa moto. Mama akauliza taratibu, "Kwani Di na Bi, kubwa ni ipi?"

"Kwa kozi hii, mama, ni D."

"Basi mwandike!"

Nimeandikwa. Nyuma yetu jirani, Bwana Shee, akakohoa: "Kitambo twaiyua, Bi D." (Kumbe mtaa mzima ulijua.)

Njia nzima mama alitangulia na mkoba wake. Mlangoni ndipo akageuka. "Ungenambia, mwanangu. Ningalipiga vigelegele vivyo hivyo." Hilo limeniuma kuliko foleni yote.

Fremu imerudi ukutani. Mkija kunywa kahawa, tafadhalini, someni kimoyomoyo.