Anapumua

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Dada yangu, nisamehe. Daftari hili ulinipa Bonge akiwa bado mchanga, mwekundu, ukaniambia niandike kila ninachojaribu hadi usingizi urudi, kisha nikutumie. Bonge sasa anakaa bila kushikiliwa, ana meno mawili na hasira za mtu mzima, na mimi ndiyo kwanza naandika mstari wa kwanza. Siwezi kusingizia muda. Muda ninao. Usiku mzima ninao.

Watu wakiona macho yangu hunipa pole ya mtoto msumbufu. Uongo mtupu. Mwanangu analala kama pono. Baba yake analala kama pono wawili. Mimi ndiye nalala chali katikati, nikisikiliza kama pumzi ya mtoto inatoka, na ikitoka, kama itarudi. Sababu unaijua, ulikuwepo. Mtoto wetu wa kwanza alinyonya, akalala, asubuhi hakuamka. Hospitali walisema hakuna aliyekosea. Sitaandika zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba usiku ule mimi nililala vizuri sana.

Haya. Mpango wa leo: uchovu. Mwili ukichoka, akili itafuata, itake isitake. Nikitoka kazini nimefua mablanketi yote, nimesugua sakafu, nimehamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, nikalirudisha. Wifi, dada yake Baba Bonge, ambaye anakaa chumba cha pili na macho yake yanakaa chumba changu, akaja kuuliza kama tunahama. Nikamwambia ni usafi tu. Akasema usafi gani huo wa kutokwa jasho kama mbeba mizigo.

Jumanne, tarehe 4

Nimechoka kupita kiasi, kiuno hakikunjiki, na sikupata hata lepe la usingizi. Kumbe kuchoka na kulala ni vitu viwili, na mimi nimejaliwa kimoja.

Kazini Mama Pacha alinipa dawa. Huyu ni mwenzangu wa meza ya pasi. Kazi yetu unaijua, tunafua na kunyoosha mashuka ya hoteli: siku nzima nalainisha vitanda vya watu wengine. Akasema nisome kitu kinachochosha, macho yatajifunga yenyewe. Akaongeza kwamba usingizi ni nduguye mauti, nisiukimbize sana. Hilo la pili sikulihitaji.

Nyumbani kitabu kinachochosha ni kimoja tu, maelezo ya friji. Baba Bonge ni fundi wa majokofu, anavyo vingi. Nimesoma kurasa zote. Sikusinzia. Ila sasa najua kwamba ndani ya friji mna gesi, na gesi hairuhusiwi kukaribia moto, na friji yetu iko hatua chache kutoka jiko. Nikamwamsha Baba Bonge kumuuliza kama inaweza kulipuka. Akasema haiwezi. Nikauliza ana uhakika gani. Hakujibu, alikuwa ameshalala tena. Nikachomoa waya. Maziwa yamechacha.

Jumatano, tarehe 5

Aibu!

Asubuhi nimeunguza foronya. Si kidogo: alama ya pasi nzima, kahawia, imetulia katikati kama nembo ya hoteli. Msimamizi akaniondoa kwenye pasi, akanipeleka chumba cha nyuma kukunja taulo karibu na mashine kubwa ya kukaushia. Ile mashine inanguruma hata mawazo yako huyasikii.

Na hapo, dada, nikalala. Sikujua. Nilikaa juu ya rundo la taulo za moto kupumzisha miguu, basi. Niliamka msimamizi ananigusa bega kwa ncha ya kalamu, nyuma yake wenzangu wote wamejipanga kama wanaangalia ajali. Hakupaza sauti. Alisema wageni wanalipa ili walalie vitambaa hivi, mimi nalipwa ili nisivilalie, nisichanganye. Kisha akampigia Baba Bonge aje anichukue, kama mtoto aliyeumwa tumbo shuleni.

Wifi alikuwa mlangoni tulipofika. Hakuuliza kitu, na wifi asipouliza ujue ameshajibiwa. Jioni simu ikalia. Mama mkwe. Alizungumza na mwanawe muda mrefu, kisha akanitaka mimi. Kwa upole kabisa akasema Jumamosi anakuja kuniona nilivyo. Akinikuta sijaanza kulala, ataondoka na mjukuu wake, akakae naye mpaka nitengemae.

Nikamjibu karibu mama. Niseme nini? Nimekata simu, nikachukua daftari.

Hamchukui. Nimeandika hapa ili nisisahau nitakapokuwa na adabu mbele yake.

Alhamisi, tarehe 6 (naimalizia Ijumaa asubuhi)

Nimegundua siri! Si taulo zilizonilaza, ni ule mngurumo. Kama nililala kwa sababu sisikii, basi dawa ni kutosikia. Mbona rahisi?

Mchana nikairekodi mashine kwa simu, Mama Pacha akisimama mlangoni kuzuia msimamizi. Usiku nikaiweka simu chini ya mto, sauti juu. Chumba kikawa kiwanda. Baba Bonge akageuka upande mmoja tu. Bonge hakutikisika. Mimi macho yakaanza kuwa mazito, mazito, nikawa naenda, naenda.

Nikakumbuka kwamba sisikii.

Nilikurupuka hata kiwiko kikampata Baba Bonge puani. Simu ikaanguka, ikaendelea kunguruma chini ya kitanda, na mimi nikawa na kiganja kifuani kwa mtoto. Kifua kilikuwa kinapanda. Kilikuwa kinashuka. Bonge akafungua macho, akanitazama kama mteja aliyekosewa hesabu, akaanza kulia. Jirani akagonga ukuta. Leo asubuhi ameniuliza tumenunua mashine gani na kama tunakodisha.

Baba Bonge ana pamba puani. Amekwenda kazini bila kusema neno. Ni mwanamume mwema, lakini kimya chake kina uzito.

Ijumaa, tarehe 7

Kesho ni kesho. Siwezi kulala kwa amri. Basi nimeamua: kama usingizi hauji, atakachokiona mama mkwe ni mtu aliyelala. Hajasema nilale. Amesema anikute nimelala.

Nimejifunza kutoka kwa bingwa. Miezi yote hii ya kukesha, nimemsoma Baba Bonge vizuri. Kukoroma kwake kuna sehemu tatu. Kwanza mluzi mwembamba, kama birika linalofikiria kuchemka. Kisha msumeno. Kisha kimya kirefu, unadhani mambo yamekwisha, halafu kishindo kimoja puani kama mtu aliyekumbuka deni. Nimeyashika yote.

Wakati wa chakula cha mchana nikajilaza juu ya mashuka, Mama Pacha akawa hakimu. Akasema sauti ni safi ila nimenyooka kama maiti, mtu aliyelala hujikunja na mdomo humlegea. Nikajikunja, nikalegeza. Akasema sasa naonekana nimepigwa. Tukarekebisha. Mwishowe akakiri angepita hapo angenifunika shuka.

Nimeandaa pia poda ya chini ya macho na kanga safi. Mama mkwe atarudi kwao mikono mitupu.

Jumamosi, tarehe 8

Amekuja na mkeka wake begani na kibegi kidogo. Kibegi hicho nilikitazama sana. Kinatosha nguo za mtoto.

Tulikula. Alinisifu chakula, alimbeba Bonge, hakuniangalia usoni hata mara moja, na ndipo nilipojua ameshaona kila kitu. Baada ya kuosha vyombo akasema nyumba imetulia, hebu nijilaze, yeye yupo. Mchana kweupe! Nilijitayarisha kwa usiku. Lakini msanii hachagui jukwaa. Nikapanda kitandani, nikajikunja, nikalegeza. Yeye akatandika mkeka sakafuni, kando ya kitanda changu, akajinyoosha na Bonge ubavuni.

Nikangoja kidogo, ili nisionekane nina haraka. Nikaanza mluzi. Nikaingia kwenye msumeno. Msumeno ulitoka vizuri kuliko kazini. Nikanyamaza, nikahesabu moyoni, nikapiga kishindo cha pua.

Kisha sauti yake kutoka chini, taratibu, bila hasira:

"Mwanangu, acha kukoroma kama mume wako. Huyo nimemzaa mimi. Sauti yake naijua tangu hana meno."

Dada, nilitamani godoro linimeze. Nililala vilevile nimefumba macho, kwa sababu sikujua kufumbua nianzie jicho gani. Nikaanza kulia, bila sauti. Hata hilo alilisikia.

"Mkono wangu uko kifuani pake," akasema. "Anapumua. Ukitaka kuuliza, uliza. Nitakujibu."

Nikakaa kidogo. Nikauliza. Akasema anapumua. Nikakaa tena. Nikauliza. Akasema anapumua. Hakuchoka, hakuguna, hakuniambia nilale. Nikauliza mara nyingi, naona aibu kuandika. Kila mara neno lile lile, kwa sauti ile ile, kama mtu anayejibu salamu.

Nilipofumbua macho dirisha lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu kwa jua la machweo. Shavu lilikuwa limegandamana na mto kwa udenda. Mama mkwe alikuwa palepale kwenye mkeka, mkono palepale, na alipojaribu kuuinua ulikuwa umekufa ganzi, ikabidi aubebe kwa mkono wa pili.

Tukiwa jikoni akaniambia hamchukui mtoto. Alidhani ninakesha kwa ukaidi, sasa ameona. Akasema atakaa hapa, tupokezane, yeye usiku wa manane, mimi alfajiri, na mwanawe naye ana mikono, si ya majokofu tu. Kisha, akiwa amenipa mgongo akisuuza kikombe ambacho kilikuwa safi, akasema tangu yule wa kwanza hata yeye halali vizuri.

Nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikakifuta.

Jumapili, tarehe 9

Nimelala tena usiku. Kidogo, lakini nimelala. Nimeamka akili zimenirudi, na akili zilizorudi zikaanza kufanya kazi.

Anakaa mpaka lini? Leo anashika kifua usiku. Kesho atamwogesha. Mwezi ujao Bonge akianguka atamkimbilia nani? Wifi asubuhi alipita akicheka, akasema nyumba hii sasa ina mama. Ina mama! Mimi nilikuwa nini, kabati?

Huu ni mtego. Mpole, wenye harufu ya ile marhamu ya kafuri anayojipaka, lakini mtego.

Basi nikaweka mpango. Nilipaka poda, nikaimba nikifagia, nikasema nimepona kabisa, nikamshukuru mpaka akakosa pa kushika. Baba Bonge akaniuliza pembeni kwa nini mama yake asibaki, na kwamba yeye pia yuko tayari kushika zamu. Nilicheka. Zamu yake! Mtu aliyegongwa pua akalala tena. Akasema hakulala usiku ule, alinyamaza tu, kwa kuwa hakujua aniambie nini. Nikamwambia asinichanganye, nina kazi.

Kisha nikamkumbusha mama mkwe kuku wake, nikasema nasikia wezi wa kuku siku hizi hawachagui. Sijasikia popote. Mama mkwe akakunja mkeka. Mlangoni akanishika kidevu, akasema mwisho wa mwezi anarudi, na akiyakuta macho haya, hatakaa kujadiliana nami, atambeba mtoto na kuondoka.

Nimempungia mkono hadi alipokata kona. Ushindi.

Jumanne, tarehe 11

Usiku wa kuamkia jana, hakuna usingizi. Usiku wa kuamkia leo, hakuna. Baba Bonge alijitolea mkono wake kifuani kwa mtoto, nikakesha nikiutazama huo mkono usije ukalala.

Lakini sikukata tamaa. Nimekaa nikafikiri kama mtu aliyesoma: Jumamosi nililala. Ni nini kilichonilaza? Nimechunguza chumba, nimekumbuka kila kilichokuwepo, na nimepata jibu. Ni vitu. Nikivipata kabla ya mwisho wa mwezi sitamhitaji mtu. Wewe uko karibu na soko kubwa, kwa hiyo nakuomba unitumie kwa basi, haraka, hivi vifuatavyo:

Mkeka wa ukindu, usiwe wa plastiki, upana wa mtu na mtoto, uliotumika kidogo ili uwe umelainika.

Marhamu ya kafuri, kopo dogo la bati, si la kioo. Nitajipaka mimi, au nitapaka ukuta, nitaona.

Shali ya pamba ya rangi ya kahawia, kuukuu kama ile ya mama mkwe. Ukikosa kuukuu, nunua mpya uifuefue.

Pazia zito la dirisha moja, la kuzuia jua lakini lisizuie lote.

Mto wa sufi. Wangu wa sponji umeshiba machozi.

Na la mwisho, lisisahaulike hata kama mengine yote yatashindikana. Kaa mahali pasipo na kelele, ujirekodi sauti kwenye simu, unitumie. Sema "anapumua". Nyamaza kidogo. Sema tena "anapumua". Sauti iwe ile ile, usichoke, usigune, uendelee hadi simu yenyewe ijikatie. Usiniambie nilale. Najua huko uliko humwoni. We sema tu.